Swali la Mama Nsia kwa Wachungaji Arobaini na Mmoja

Nchi yetu msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Majirani wote wanakana kupakana nasi, na sisi hatuwalaumu. Jueni tu kwamba ni nchi ya Kilutheri kuanzia Ikulu hadi stendi, kwamba Rais wetu ndiye Mlezi wa Kwaya Zote kwa mujibu wa Katiba, na kwamba tuna Wizara ya Ibada na Majengo, ambayo kwa kweli ni wizara ya majengo. Ibada iliwekwa mbele kwa heshima.

Mimi ni Mwinjilisti Zebedayo, katibu wa Kikao cha Wachungaji wa Jimbo la Kati. Si mchungaji, tuelewane mapema. Mwinjilisti huhubiri pale mchungaji anapopata udhuru, na kwetu udhuru haukauki. Lakini kalamu ni yangu. Nimeandika mihtasari ya kikao hiki kwa miaka ishirini na miwili, na nasema kifua mbele kwamba katika miaka hiyo yote wachungaji wetu hawajagombana hata siku moja kuhusu Mungu.

Kuhusu maturubai wamegombana, ndiyo. Kuhusu gari la jimbo waligombana hadi mmoja akavua ile kola yake nyeupe, akaiweka mezani, akasema haya, aje anayejiamini. Nani ahamishiwe wapi, nani akae karibu na Baba Askofu kwenye harusi ya binti wa Waziri, sare za kwaya ya akina mama ziwe zambarau au damu ya mzee, yote hayo ninayo, kurasa kwa kurasa. Kikao kimoja kilitumia saa nne na nusu kuamua choo cha usharika wa Mjini kiwe na matundu sita au manane. Jamani, mle ndani kulikuwa na hoja! Mzee mmoja alitokwa machozi akitetea manane.

Mungu tulikuwa naye mwanzoni kwenye sala ya kufungua, na mwishoni kwenye sala ya kufunga. Katikati tulimwacha apumzike.

Msidhani kuna sheria inayowakataza wachungaji kuzungumza teolojia. Haipo, nimeitafuta. Wageni kutoka makanisa ya ng'ambo wakija huuliza, "Na mazungumzo ya kiteolojia mnafanya lini?" Mkuu wetu wa Jimbo huwajibu kwa tabasamu, "Yapo kwenye ratiba," nao hufurahi na kupiga picha. Na kweli yapo. Ni kipengele cha saba. Tangu niwe katibu hatujawahi kuvuka cha tano.

Mara moja tu palitokea hitilafu. Mchungaji mmoja kijana, ambaye jina lake niliagizwa kulisahau, aliuliza wakati wa chai kama wenzake wanadhani mtu aliyepewa neema anaweza kuipoteza. Aliuliza hivi hivi, andazi mkononi. Mmoja akamvuta pembeni kumuuliza kama nyumbani kuna amani. Mwingine akataka kujua kama ameanza kuutamani uaskofu. Wiki iliyofuata akahamishiwa Nyanda za Chumvi, kwenye usharika wenye waumini kumi na wawili na fisi. Mkuu alitufafanulia kwamba ile haikuwa adhabu, ilikuwa huduma, na sisi tukaelewa vizuri sana.

*

Sasa niwaambie ya Jumatano ile.

Tulikuwa kipengele cha tatu, ununuzi wa jenereta. Wachungaji walikuwa arobaini na mmoja, mahudhurio mazuri, maana palikuwa na pilau. Mkuu wa Jimbo, Mchungaji Daktari Ndetaramo Kisamo, ambaye udaktari alitunukiwa na chuo ambacho bado hakijajengwa, alikuwa anatueleza tofauti kati ya jenereta ya kimya na jenereta ya kelele. Watu wanaandika. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke aliyejitanda kanga nyeusi.

Tulimfahamu sote. Alikuwa Mama Nsia, mke wa Fundi Elinaza wa usharika wa Mlimani. Na hapa itabidi mnivumilie niseme habari za huyo Fundi.

Miaka kumi na moja iliyopita Mlimani walijenga kanisa jipya. Siku ya uzinduzi, Waziri akiwa ameshika mkasi tayari kukata utepe, Fundi Elinaza alisimama akasema paa litavuja, kwa sababu mbao zimepigwa zikiwa mbichi. Hakupiga kelele. Alisema tu kama mtu anayemwambia mwenzake kamba ya kiatu imefunguka. Baraza la wazee likakaa siku hiyo hiyo, likaona ameidharau kazi ya Mungu mbele ya mgeni rasmi, likamtenga. Kwetu ukitengwa hushiriki Meza ya Bwana, husimamii ubatizo wa mtoto wa mtu, na ukifa mchungaji hakuziki. Unazikwa na mwinjilisti, bila kengele, kwa kitabu chembamba. Ni mpaka ujaze fomu, utubu, urudishwe kundini mbele ya usharika wote.

Mvua za kwanza tu, paa likavuja. Tena likavuja juu ya madhabahu! Na nani mwingine angeliweza? Mchungaji wa Mlimani, Mchungaji Mbonea, akamwita Elinaza. Tangu hapo kila masika Fundi alipanda juu ya kanisa Jumatatu kuziba, na Jumapili akakaa benchi la nyuma. Wenzake wakienda mezani, yeye anabaki na kofia yake magotini. Kutubu alikataa, anasema hajui atubu nini, paa si linavuja?

Mwaka huu alichoka, akajaza fomu. Wazee watatu wakasaini, ukabaki muhuri. Muhuri ulikuwa ndani ya gari la jimbo, na gari la jimbo lilikuwa gereji. Jumatatu Fundi Elinaza akateleza kutoka kwenye paa la kanisa. Jumanne akafa.

"Bwana Yesu asifiwe, baba wachungaji," akasema Mama Nsia.

"Amina!" wakaitikia wote arobaini na mmoja, kwa sauti nzito iliyopangika.

"Nisameheni kuwaingilia. Nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka. Mume wangu yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Mchungaji wa Mjini, mtu mwepesi wa kusaidia, akasema kwa upole, "Pole sana, mama. Si yuko mochwari ya wilaya?"

"Hapo najua, baba. Nimemwacha mwenyewe leo saa mbili asubuhi. Namuulizia yeye, Elinaza. Yuko wapi?"

"Aa, kwenye rejista," akadakia Mkurugenzi wa Idara ya Teolojia. "Kwenye rejista atakuwa safu ya waliotengwa, ingawa kwa kuwa fomu ilikuwa njiani, mtu anaweza kusema kwamba kitaalamu..."

"Baba, mimi rejista sijaiuliza." Mama Nsia hakupandisha sauti. "Jumamosi namzika. Nimeambiwa mchungaji hatamzika, na sigombi, taratibu ni zenu. Lakini nimeishi na yule mtu miaka thelathini na minne. Ninyi ndio mliosomea. Mniambie kabla sijamfukia, yuko kwa Mungu au hayuko?"

Haki ya Mungu, niliinua kichwa kutoka kwenye mihtasari. Nikawatazama mmoja mmoja. Watu hawa wana shahada! Wengine wana mbili. Wamesoma Kigiriki, wamesoma Kiebrania, Mkurugenzi alikaa Ujerumani miaka sita akarudi na friji. Na wote, kama walioambizana, wakaanza kutafuta kitu kwenye mikoba yao.

Mkuu wa Jimbo akasimama, akafunga kifungo cha koti. Mkuu akifunga kifungo cha koti mimi huandaa ukurasa mpya.

"Mama yetu mpendwa," akasema, "kwanza nikupongeze. Swali lako ni zuri, tena limekuja wakati muafaka. Kanisa limelipokea kwa mikono miwili. Tutalifanyia kazi."

"Mtalijibu?"

"Tutalifanyia kazi."

"Kabla ya Jumamosi?"

"Mchakato utaheshimiwa, mama," akasema Mkuu, akaniashiria niandike hivyo, nami nikaandika.

Mama Nsia akamtafuta kwa macho Mchungaji Mbonea, mchungaji wake, aliyekuwa amejikunyata nyuma. Mbonea ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo ya spika. Ni mtu wa nyaya, mwembamba, mkimya, akisikia spika inakoroma anajua kasoro iko wapi.

"Nitakuja nyumbani, mama," Mbonea akasema bila kuinua uso.

"Uje na jibu, baba. Chai ninayo."

*

Alipotoka, kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo tulirukia kipengele cha saba. Nilisisimka, nisiwafiche. Niliweka hata tarehe mara mbili.

Mkuu akauliza swali hili liko chini ya idara gani. Ikaonekana ni Idara ya Teolojia. Mkurugenzi akasimama akaeleza kwa masikitiko kwamba ofisi ya idara inatumika kuhifadhia viti vya plastiki mwaka wa tisa sasa, na kwamba ufunguo anao mtunza viti. Akaulizwa kama yeye binafsi ana maoni. Akasema maoni anayo, ila yako ofisini.

Mchungaji wa Mjini akanyoosha mkono. "Mimi kwa maoni yangu," akaanza, na chumba kizima kikamgeukia, vikombe vikasimama hewani. Akameza mate. "Mimi kwa maoni yangu, tulipeleke juu." Makofi! Watu walipumua. Azimio likapita bila kura ya kupinga, nami nikafurahi kuona umoja wa watumishi wa Mungu.

Nje, karibu na tangi la maji, nilimkuta Mbonea anaviringisha waya ambao ulikuwa umeshaviringishwa.

"Mchungaji," nikamwambia, "mbona hukumjibu yule mama? Si muumini wako?"

"Zebedayo, nikifungua mdomo mle ndani kuhusu Mungu, aliyesoma kunizidi atanicheka, na niliyemzidi atanihamisha. Nina watoto wanne, na mke wangu ndio kwanza amepata kazi ya kufundisha hapa."

"Lakini jibu unalo?"

Akauangalia ule waya. "Nilikuwa nalo chuoni. Tulikuwa tunabishana bwenini mpaka tunanyimwa taa. Sasa hata sijui naanzia wapi. Miaka kumi na mitano sijasikia sauti yangu ikilisema jambo lile nje ya mimbari."

Nilimwonea huruma, lakini pia niliona amesema kwa busara. Watoto wanne si mchezo.

*

Swali lilipanda ngazi kwa kasi ambayo ombi letu la jenereta halijawahi kuiona. Saa nane mchana lilikuwa kwa Baba Askofu. Baba Askofu alilisoma mara mbili, akalibariki, akalipeleka wizarani. Alhamisi asubuhi Waziri wa Ibada na Majengo alikuwa ameshalipenda.

Alhamisi jioni redio ikatangaza. Kufuatia swali lililoulizwa na mwananchi wa kawaida, Serikali imeona pengo kubwa katika sekta ya mazungumzo ya kiteolojia baina ya wachungaji, na kwa hiyo Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye viwanja vya kanisa la Mlimani, itazindua Mwaka wa Kitaifa wa Mazungumzo ya Kiteolojia. Sambamba na hilo litawekwa jiwe la msingi la Ukumbi wa Mazungumzo ya Kiteolojia, ghorofa nne, na maegesho. Wachungaji wote wanaagizwa kuhudhuria wakiwa wameiva.

Mkitaka kuona nchi yetu ikifanya kazi, ipeni uzinduzi. Usiku kucha cherehani zililia. Kufikia asubuhi palikuwa na kofia, fulana, na kanga za njano zilizoandikwa TUZUNGUMZE kwa herufi kubwa. Maturubai thelathini. Kwaya tisa na bendi ya matarumbeta. Mama Nsia, ambaye kule kwake watu wamekaa msibani chini ya turubai moja lenye tundu, aliletewa barua ya mwaliko kwa cheo cha Muuliza Swali Rasmi, na gari la kumleta. Alikuja. Alidhani wamemwitia jibu.

Waziri alihutubia kwa saa moja na dakika kumi.

"Ndugu wananchi! Niulize, ni nchi ngapi katika ukanda huu zina swali kama hili?" Makofi. "Wenzetu wana mafuta, wana gesi, lakini swali hawana! Hili ni swali letu, limezaliwa hapa, limeulizwa na mama yetu hapa. Nani alifikiri?" Vigelegele. "Kwa hiyo naagiza. Kuanzia Jumatatu, kila mchungaji azungumze teolojia na mwenzake, si chini ya dakika ishirini kwa wiki. Azungumze kwa weledi. Na kila robo mwaka nataka taarifa mezani kwangu, yamezungumzwa maneno mangapi, na nani hakuzungumza, na kwa nini."

Mkuu wa Jimbo alikuwa anatikisa kichwa kukubali kwa bidii hata miwani ikamtoka.

Likafuata jopo. Wachungaji watano, viti vya sofa, maji ya chupa, mada ni Umuhimu wa Kuzungumza. Wa kwanza akaeleza umuhimu wa kuzungumza. Wa pili akaeleza changamoto za kuzungumza. Wa tatu akaona kwamba ndani ya changamoto hizo kuna fursa. Wa nne akasema anakubaliana na watatu waliotangulia na hana la kuongeza, akaliongeza kwa dakika thelathini. Wa tano akamshukuru Waziri. Kwa saa tatu nilisubiri nimsikie mmoja akisema jambo kuhusu Mungu. Tulipokaribia zaidi ni pale kipaza sauti kilipopiga mluzi na Mkurugenzi wa Teolojia akaruka akasema, "Ee Mungu wangu!"

Kisha mshereheshaji akamwita Mama Nsia atoe neno la shukrani kwa niaba ya wafiwa. Alipandishwa jukwaani, ile kanga ya njano wamemtupia mabegani juu ya ile nyeusi. Akapewa kipaza sauti.

"Nawashukuru kwa gari," akasema. "Swali langu mnalikumbuka?"

"Tutalisahauje, mama!" akapaza mshereheshaji. "Si ndilo limetuleta hapa? Jamani, makofi kwa swali!"

Wakalipigia makofi. Nami nilipiga.

"Basi mume wangu yuko wapi?"

Waziri akamwinamia Mkuu wa Jimbo. Mkuu akawageukia wale watano wa jopo. Wale watano wakaangalia chupa zao za maji. Mkuu akainua kidole kidogo tu, na bendi ya matarumbeta ikaanza.

Mama Nsia akabaki amesimama pale juu, kipaza sauti mkononi, matarumbeta yanamlilia masikioni. Hakulia, hakufoka. Akasubiri ubeti wa kwanza uishe. Ukaunganishwa wa pili. Akakiweka kipaza sauti kwenye kiti, akavua ile kanga ya njano, akaikunja vizuri pande nne, akaiweka juu yake, akashuka ngazi akaenda zake kwa miguu.

Hapo niliona aibu. Natafuta neno la kikatibu la kuipamba lakini halipo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikaangalia viatu vyangu, nikakumbuka kwamba kesho atakayesimama kaburini mbele ya mama huyu ni mimi.

*

Jumamosi Waziri alisema atabaki kuhudhuria mazishi, kwa kuwa marehemu sasa alikuwa mume wa Muuliza Swali Rasmi. Na Waziri akibaki, nani anaondoka? Wachungaji wote arobaini na mmoja walikuja Mlimani. Kuzika hawakuruhusiwa, kwa hiyo walisimama pembeni bila majoho, wanaona vibaya, hawajui mikono waiweke wapi. Kengele haikupigwa. Bendi ililetwa endapo itahitajika. Mbonea alikuwa nyuma kabisa, anahangaika na spika ambayo Waziri aliagiza iwepo.

Nikafungua kitabu chembamba. Hiki kitabu ni kile kile cha maziko, ila mahali penye tumaini wamepitisha rula na wino mweusi. Kinakwenda haraka, dakika sita umemaliza. Nimekisoma mara nyingi tu, na jioni nikala ugali wangu nikalala.

Nikafika mahali pa mwisho. "Tunamfukia ndugu yetu Elinaza," nikasoma, nikanyamaza, maana ndipo kinapoishia.

Mama Nsia alikuwa ukingoni mwa kaburi. "Endelea, mwinjilisti. Mnamfukia, halafu?"

"Halafu basi, mama. Kitabu kimeishia hapa."

"Sikukiuliza kitabu."

Nilitaka kusema kitu, chochote, na nilichokuwa nacho kichwani ni mihtasari ya miaka ishirini na miwili. Jenereta. Matundu manane.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Mbonea alikuwa anakuja, waya bado mkononi, ameusahau, spika inamfuata inaburuzika kwenye majani.

"Mchungaji Mbonea," akasema Mkuu wa Jimbo kwa sauti ya chini, "hilo halipo kwenye utaratibu."

"Najua, Mkuu." Akamtazama Mama Nsia. "Mama, mimi ndiye niliyekiongoza kile kikao kilichomtenga. Nilimpandisha kwenye paa kila masika, miaka kumi na moja, na Jumapili nikampita na kikombe. Yule mtu alibatizwa, mama. Alimwamini Kristo kuliko mimi. Kristo hakumtenga, tulimtenga sisi. Muhuri wetu ulikuwa gereji, lakini Kristo hasubiri muhuri. Elinaza yuko kwake."

Kisha, kutoka kule pembeni, Mchungaji wa Mjini. "Ngoja kwanza, ngoja. Unataka kusema kutenga kwetu ni bure? Mamlaka ya kufunga na kufungua tuliyopewa ni ya nini?"

"Ya kumfunga mwenye dhambi asiyetubu! Kusema paa linavuja ni dhambi?"

"Sisemi hilo. Nasema kanisa likikosea, je, kosa lake linashika mbinguni au halishiki?"

"Halishiki!" akapiga kelele mzee yule wa matundu manane. "Likishika, sote tumekwisha!"

"Dhahania hiyo!" Mkurugenzi wa Teolojia alikuwa ameshavuka mstari wa viti. "Mnachanganya mambo mawili. Neema hailetwi na kanisa, kanisa linaitangaza tu, sasa asiyetangaziwa je? Hapo ndipo penye kazi!" Akataja neno la Kigiriki, akasita, akalirudia taratibu. Lilikuwa sahihi. Macho yakamjaa machozi, akalitaja mara ya tatu.

Basi ikawa vurugu. Wachungaji arobaini na mmoja wamelizunguka kaburi la fundi, makoti yamevuliwa, mtu anamshika mwenzake ukosi anamwambia nakupenda ndugu yangu lakini hapo umepotoka. Ubatizo huku, toba kule. Mmoja aliyekuwa hajasalimiana na Mbonea tangu ugomvi wa spika anamuunga mkono na kumrekebisha hapo hapo. Mkuu wa Jimbo akawainulia kidole matarumbeta. Kiongozi wa bendi hakumwona, alikuwa ameegemea tarumbeta lake anasikiliza.

Waziri akamnong'oneza mlinzi wake, nami nilikuwa karibu. "Wanagombania nini hawa? Uaskofu?"

"Hapana, Mheshimiwa," akasema mlinzi. "Nafikiri wanamgombania marehemu."

Mimi kalamu nilikuwa nimeshaiweka mfukoni. Nililia, nasema waziwazi, na sijui kama kilikuwa kilio cha msiba.

Mbonea hakubishana na yeyote. Alingoja mpaka wakachoka, mpaka mmoja mmoja wakakumbuka walipo na kwa nini, wakanyamaza wakiona haya. Ndipo akamgeukia tena mama.

"Tumechelewa kukujibu, mama, utusamehe. Yuko kwa Mungu. Nalisema mbele ya wenzangu wote, na mbele ya Mkuu, anihamishe anakotaka."

Mama Nsia akainama, akachota udongo kwa mkono, akaumwaga juu ya jeneza polepole. Akajipangusa kiganja kwenye kanga. Akamtazama Mbonea, kisha akatutazama sisi wengine, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Asante, baba. Hilo nalijua tangu darasa la kipaimara," akasema. "Nilitaka kujua kama ninyi mnalijua, maana na mimi mtanizika ninyi."